Bunduki ya babu: mali au balaa?

Juma lililopita mjomba wangu wa Muheza alinipigia simu usiku, akinong'ona kama mtu aliyeiba kuku.

"Mjomba, tumebomoa nyumba ya marehemu babu ili tugawane kiwanja. Darini tumekuta bunduki. Ina maandishi ya kizungu, mwisho wake 71. Vijana wanasema ni ya mwaka 1971. Lakini amekuja dalali kutoka mjini, anasema ni ya Mjerumani, ina thamani ya shilingi milioni 50. Anataka kwanza laki tatu za kumwita mtaalamu."

Naam. Nani kati yetu hajasikia habari za mali ya Mjerumani? Watu wamechimba chini ya mibuyu, wameuza ng'ombe kununua ramani, na walichopata ni mashimo. Nikamwambia mjomba mambo mawili: asimpe dalali hata senti, na mtu yeyote asiiguse ile bunduki. Silaha iliyokaa darini miaka mia moja inaweza kuwa na risasi ndani, na baruti haizeeki kwa adabu.

Mimi si fundi wa bunduki. Lakini nimewahi kuandaa vipindi kuhusu Vita vya Kwanza vya Dunia katika nchi yetu, na hapo nilijifunza kwamba bunduki ya kijeshi hujieleza yenyewe, mradi ujue kuisoma.

La kwanza: namba ya aina si mwaka wa kutengenezwa. Ile 71 ni jina la aina, bunduki ya Mauser ya mwaka 1871. Mwaka wa kutengenezwa huwa umegongwa peke yake kwenye chuma. Mauser ya 1898 huonyesha juu ya chuma, pale kasiba inapoanzia, taji, jina la kiwanda na mwaka. Bunduki ya Kiingereza ya Lee-Enfield husomwa upande wa kulia, kwenye chuma kinachoshika kitako: taji, herufi za mfalme, kiwanda na mwaka. Ukikuta GR, huyo ni mfalme George.

La pili: tazama inavyofanya kazi. Mauser ya 1871 ilipakiwa risasi moja moja, nene ya milimita 11, na ilitumia baruti nyeusi. Ile ya 1898 ilibeba risasi 5 za milimita 7.92, zenye baruti isiyo na moshi mwingi. Lee-Enfield fupi ilibeba 10. Mwaka 1914 askari wengi wa Mjerumani katika nchi hii walikuwa bado na ile ya zamani. Kila walipofyatua, wingu la moshi liliwaambia adui mahali walipojificha.

La tatu, na hapa ndipo madalali wengi hukwama: bunduki ya askari wa Mjerumani si lazima iwe ya Kijerumani. Katika mapigano ya Tanga, Novemba 1914, Waingereza walikimbilia melini wakaacha mamia ya bunduki na bombomu 16. Novemba 1917, von Lettow-Vorbeck alivuka Ruvuma na kuwanyang'anya Wareno silaha zao kule Ngomano. Aliposalimu amri Abercorn, ambayo leo ni Mbala ya Zambia, tarehe 25 Novemba 1918, bunduki zilizowekwa chini zilikuwa hasa za Kiingereza na Kireno.

Sasa thamani. Ulaya na Marekani wapo watu wanaokusanya silaha za kale. Hao hutazama kama namba iliyogongwa kwenye kasiba ndiyo hiyo hiyo iliyo kwenye komeo na vyuma vingine. Zikitofautiana, bunduki imeungwa kwa vipande, na bei hushuka. Hutazama pia kama mbao na chuma vina sura yake ya asili. Anayeisugua kwa msasa ili ing'ae anasugua na bei yake. Mwisho huuliza ushahidi: ilikuwa ya nani, ilifikaje hapo? Maneno ya "inasemekana" hayaongezi kitu.

Lakini mjomba haishi Marekani. Sheria yetu ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 hairuhusu mtu kukaa na silaha bila leseni, na kusema "ni ya urithi" si leseni. Kwa hiyo milioni 50 za dalali, kwa mtu wa Muheza, ni kifungo kilichovikwa koti la utajiri.

Nilimshauri aende polisi asubuhi pamoja na mjumbe, aeleze ilipo, wao waje kuichukua. Aombe maandishi, na aombe Makumbusho ya Taifa waarifiwe.

Akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Babu alituambia alikuwa mpagazi tu."

Hapo ndipo nilipoelewa hofu yake haikuwa ya polisi. Bunduki za aina ile zilitumika pia dhidi ya wananchi katika vita vya Maji Maji, 1905 hadi 1907. Je, mzee aliibeba, aliiokota, au aliificha kwa niaba ya mwingine? Chuma kitatuambia mwaka wa kiwanda. Hakitatuambia hilo. Yupo shangazi mmoja tu, mwenye miaka zaidi ya 90, aliyewahi kumuuliza mzee.

Mjomba amekwenda polisi, na bunduki imeondoka. Mimi Jumamosi napanda basi kwenda Muheza na kinasa sauti changu, kabla shangazi naye hajatuachia dari tupu.