Makaa ya Mawe ya Jangwa la Thar: Leseni Kwanza, Watu Baadaye



Wengi wetu huujua mgodi siku ile lori la kampuni linapokuja kuandika vibarua. Siku hiyo mambo makubwa yamekwisha kuamuliwa zamani. Tutazame yaliyotokea katika jangwa la Thar, Jimbo la Sindh, huko Pakistan, karibu na mpaka wa India.

Watu wa Thar ni wafugaji wa mbuzi, ng'ombe na ngamia. Mvua ikinyesha hulima uwele. Maji huyavuta kutoka visima virefu kwa kamba inayokokotwa na punda au ngamia. Kilichotafutwa kwanza kilikuwa maji hayo. Wachimba visima walikuta dalili za makaa katika udongo waliotoa, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 Idara ya Jiolojia ya Pakistan, ikisaidiwa na wataalamu wa Marekani, ikaanza upimaji.

Makaa hayo yamefunikwa na mchanga na udongo wa zaidi ya meta 100. Kwa hiyo mtambo hutoboa shimo jembamba na kutoa vipande virefu vya mwamba, navyo hupangwa sandukuni kwa kufuata kina chake. Maabara hupima unyevu, majivu na nguvu ya moto. Shimo moja halisemi kitu. Ni lazima yatobolewe mengi, yalinganishwe. Ndivyo ilivyopatikana hesabu ya tani bilioni 175 katika eneo la zaidi ya kilometa za mraba 9,000. Hayo ni makisio ya yaliyomo ardhini, si tani zitakazopakiwa. Tena karibu nusu ya uzito wa makaa hayo ni maji, na kuyasafirisha mbali ni kulipia nauli ya maji. Ndiyo sababu mitambo ya umeme imejengwa kando ya shimo.

Eneo likagawanywa vitalu. Hapa tuelewane. Leseni ya utafutaji humruhusu mwenye nayo kutoboa na kupima kwa muda maalum. Leseni ya uchimbaji ndiyo inayomkabidhi kitalu kwa miaka mingi, naye hulipa mrabaha serikalini. Nafasi ya mwananchi kudai masharti ni kati ya karatasi hizo mbili. Karatasi ya pili ikishatiwa sahihi, anayedai huonekana mkorofi anayezuia maendeleo.

Kwa Kitalu cha Pili, Serikali ya Sindh na kampuni ya Engro ziliunda kampuni ya ubia mwaka 2009. Kuchimba kulianza mwaka 2016, makaa yakafikiwa mwaka 2018, na mwaka 2019 mtambo wa megawati 660 ukaanza kuuza umeme.

Ardhi je? Mwenye hati ana cha kuonyesha akidai fidia. Lakini malisho ya kijiji ni ya wote, hayana hati ya mtu. Ardhi ilitwaliwa kwa Sheria ya Utwaaji Ardhi ya mwaka 1894, iliyotungwa na Waingereza walipoitawala India. Sheria hiyo si ngeni kwetu: ndiyo waliyoileta Afrika ya Mashariki walipotaka ardhi ya kujenga reli kutoka Mombasa.

Kazi zilipatikana, tusifiche. Hata wanawake wa vijijini walifundishwa kuendesha malori makubwa ya mgodini, jambo ambalo wazee wao hawakulitegemea. Lakini mshahara ni wa aliyeandikwa. Kisima ni cha kijiji kizima.

Na ni kisimani ugomvi ulipolipuka. Juu na chini ya makaa kuna matabaka ya maji. Shimo halikauki mpaka yavutwe na kumwagwa mahali. Mahali palipochaguliwa pa kumwaga maji hayo ya chumvi ni Gorano, penye vijiji, miti na malisho. Mwezi Oktoba 2016 wanavijiji, wanawake wakiwa mstari wa mbele, walianza kuketi mbele ya klabu ya waandishi wa habari mjini Islamkot, wakaendelea zaidi ya mwaka mmoja. Walikwenda pia Mahakama Kuu ya Sindh. Lakini leseni ilikuwa imekwisha kutolewa, fedha za mabenki zimekwisha kupatikana, na mashine zilikuwa tayari shimoni. Bwawa lilimalizwa, na maji ya chumvi yakafunguliwa kuingia.