Askari wakijenga barabara: wanafundishwa nini, na raia waulize nini?

Huku kwetu mashariki, kuona askari wakitengeneza barabara si jambo la ajabu. Wahandisi wa MONUSCO wamefanya kazi hiyo miaka mingi. Tangu Novemba 2021, operesheni Shujaa ya FARDC na jeshi la Uganda nayo imetembea pamoja na ma tingatinga. Lakini askari anafundishwa vita. Nani anamfundisha kujenga? Mfano unaojulikana sana unatoka Afghanistan.

Kikundi kimoja, watu wa kila upande

Mwisho wa 2002, Marekani ilianza kuunda vikundi vya kujenga upya majimbo. Cha kwanza kilikuwa Gardez. Kisha inchi zingine, kama Ujerumani na Uingereza, ziliunda vyao. Kikundi cha Marekani kilikuwa na watu karibu 80 hadi 100. Karibu wote walikuwa askari. Raia, kama vile wataalamu wa kilimo na maendeleo, walikuwa wachache sana.

Kuanzia 2006, wakubwa wengi wa vikundi hivyo walitoka jeshi la majini na jeshi la anga. Ona basi: mtu wa meli anatumwa kwenye inchi isiyo na bahari, pamoja na watu hawajafanya naye kazi hata siku moja. Njo maana walikusanywa kwanza kwao Marekani, Fort Bragg, na baadaye Camp Atterbury. Walijifunza kujikinga na mabomu ya barabarani na kutoa huduma ya kwanza. Walijifunza pia kuzungumza kupitia mkalimani, kukaa na wazee wa kijiji, na kusimamia mikataba na feza.

Mafunzo hayakutosha

Kikundi kilibadilishwa baada ya miezi 9 ao 12. Mtu akianza tu kujua wazee na shida zao, anarudi kwao. Mgeni anaanza upya. Kuna majengo yaliyosimama vizuri, lakini hakuna aliyepanga nani atalipa mwalimu ao muuguzi.

Shida ingine ilikuwa ya usalama. Juni 2004, wafanyakazi 5 wa Médecins Sans Frontières waliuawa jimboni Badghis, na shirika hilo likaondoka. Kati ya malalamiko yake: jeshi lilichanganya msaada na vita, na hapo mtoaji msaada asiye na silaha anaonekana kama mtu wa upande moja.

Mwaka 2011, rais Hamid Karzai aliomba vikundi hivyo vifungwe, akisema vinafanya kazi kando ya serikali. Kufikia 2014 vilikuwa vimefungwa.

Maswali ya kuuliza

Tingatinga la jeshi likifika kwenu, wakaaji na viongozi wa mtaa wana haki ya kuuliza:

- Nani alichagua kazi hii: sisi, ao kambi ya jeshi?
- Vijana wetu watapewa kazi na kufundishwa?
- Ma ONG yatabaki mbali na magari ya askari?
- Askari wakihamishwa, nani atabaki na mpango na feza za matengenezo?

Swali la mwisho njo zito zaidi. MONUSCO ilimaliza kazi yake Kivu Kusini Juni 2024, na ma tingatinga hayabaki nyuma ya wenyewe. Mvua inabaki. Mifereji isipozibuliwa, barabara ya udongo haingoji hata misimu miwili.