Chupa za bia zilizogeuka kuta za hekalu

BUJUMBURA. Mteja anayetaka kuondoka na Primus dukani akainywe nyumbani huulizwa kwanza alipo na vidanji, yaani chupa tupu. Asiyekuja nazo hulipia chupa juu ya bei ya bia. Kwa hiyo ni nadra kuona chupa nzima ya bia imetupwa mtaroni Buyenzi au Bwiza. Mtoto akiiokota, anajua pa kuipeleka.

Huko Thailand, chupa za namna hiyo zilipokosa wa kuzidai, ziliishia kuwa nyumba ya ibada.

Hekalu hilo, Wat Pa Maha Chedi Kaew, liko wilaya ya Khun Han katika mkoa wa Sisaket, unaopakana na Kambodia. Mwaka 1984 watawa wa Kibudha walianza kukusanya chupa zilizotapakaa katika eneo lao, wakazitumia kupamba makazi yao. Watu walipoona, wakawa wanawaletea nyingine. Jengo kuu lilikamilika mwaka 1986, na kazi haikuishia hapo: vimejengwa vyumba vya kulala watawa, mnara wa maji, mahali pa kuchomea maiti, hata vyoo. Hesabu inayotajwa ni chupa milioni moja na nusu.

Mgeni huvua viatu mlangoni, jambo ambalo mtu wa Buyenzi aliyezoea msikitini hahitaji kuelekezwa. Kuta ni chupa zilizolazwa safu juu ya safu ndani ya saruji, vitako vikitazama nje. Jua likizipiga, mwanga hupenya hadi ndani. Vizibo navyo havikutupwa. Vimepangwa vikawa picha za Buddha. Watawa wamewahi kueleza kwamba rangi ya kioo haichujuki na kuta ni rahisi kusafisha. Nani aliyepaka nyumba yake rangi mara mbili kwa miaka mitatu asiyewaelewa?

Na hao ni watu ambao dini yao inawakataza kilevi.

Chupa zilizotumika ni za kahawia za bia ya Chang na za kijani za Heineken. Hii Heineken ndiyo yenye hisa nyingi katika Brarudi, kiwanda kinachotengeneza Primus na Amstel hapa Burundi, serikali ikiwa mbia wake. Kampuni yenyewe iliwahi kuliwaza jambo hili. Miaka ya 1960 Alfred Heineken aliona chupa zimezagaa kisiwani Curaçao, akamwomba msanifu majengo John Habraken abuni chupa ya pembe nne itakayofaa kuwa tofali. Ilitengenezwa mwaka 1963, lakini haikuingia sokoni kwa upana. Watawa walifanikiwa kwa chupa za kawaida.

Bujumbura haina haja ya kujenga kwa Primus. Chupa inayorudi kiwandani, ikaoshwa na kujazwa tena, imetumika vizuri kuliko iliyofungwa ukutani. Utaratibu huo una uchungu wake kwa anayevusha kreti Gatumba kwenda Uvira: bia huuzwa ikaisha, lakini fedha ya chupa hubaki ng'ambo mpaka vidanji virudi. Mpaka ukifungwa ghafla, kama Burundi ilivyofunga wake na Rwanda Januari 2024, mtaji wa aina hiyo unakwama upande wa pili, na hakuna stakabadhi ya forodha itakayourudisha.

Chupa isiyo na wa kuidai hapa ni ya plastiki, ya maji na juisi. Mvua ikinyesha, mto Ntahangwa huisukuma hadi Ziwa Tanganyika, ziwa linalotumiwa na Burundi, Kongo, Tanzania na Zambia. Rwanda ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2008, Kenya 2017, Tanzania 2019, na amri ya Burundi ilitiwa saini 2018. Wafanyabiashara wanaijua vizuri, maana mizigo hukaguliwa mpakani. Chupa za plastiki zimebaki zikizunguka.

Huko Lamu, mafundi waliunda jahazi la Flipflopi kwa plastiki na ndala zilizookotwa, likashushwa majini mwaka 2018. Hata hivyo, jahazi ni moja. Kilichoiokoa chupa ya Primus ni ile fedha kidogo ambayo mwenye duka hukurudishia ukimpelekea chupa tupu, na chupa ya maji haijawekewa fedha hiyo.