Mianya ya tailizi ikaguliwe kabla ya grauti

Wenye nyumba wengi huja kukagua sakafu siku fundi anapoimaliza, tailizi zikiwa zimepigwa deki na zinang'aa. Wamechelewa. Ukaguzi wenye maana ni wa kabla ya hapo, tailizi zikiwa zimeshabandikwa na grauti haijachanganywa, maana kilichojificha ndani ya mianya wakati huo ndicho kitakachoamua kama mistari itadumu au itaanza kumeguka.

Mara nyingi kilichojificha humo ni gundi. Fundi akiibana tailizi juu ya gundi nene kupita kiasi, ziada hupanda kupitia mwanyani, wakati mwingine hadi juu kabisa. Ipo pia ile gundi inayorundikana ubavuni mwa tailizi iliyokwisha kulazwa. Asipoikwangua kwa mwiko kabla ya kulaza inayofuata, yote itasukumwa juu.

Grauti inahitaji kina ili ishike. Mafundi makini huacha wazi angalau theluthi mbili za unene wa tailizi. Yenye unene wa milimita 9 inataka mwanya mtupu wa milimita 6. Gundi ikiacha milimita moja tu, grauti inayowekwa juu yake ni utando. Itapasuka, itabanduka vipande vipande, na maji ya kudekia yatapata njia ya kupenya chini. Rangi nayo haitatulia: palipo na grauti nyembamba hukauka tofauti na palipo nene, na gundi ya kijivu huchungulia katika mstari uliokusudiwa kuwa mweupe.

Kazi ya kuiondoa ni nyepesi gundi ikiwa bado mbichi. Kijiti chembamba kinapitishwa mwanyani, kisha sponji iliyokamuliwa vizuri inafuta kingo. Kwenye joto la Dar es Salaam au Mombasa gundi haisubiri, kwa hiyo isafishwe kila baada ya tailizi chache, siyo jioni chumba kizima kikiisha. Ile misalaba midogo ya plastiki inayotenganisha tailizi nayo ing'olewe, kwa sababu ikiachwa humo inakula kina kilekile.

Gundi ikishakauka ni shughuli nyingine. Inakwanguliwa kwa kisu kigumu au kwa msumeno mdogo wa kukwangulia grauti, ukipita katikati ya mwanya, kwani ukingo wa tailizi ukishamegeka haurudi. Bafuni tahadhari iwe kubwa zaidi: chini huenda kuna tabaka la kuzuia maji, na kisu kikilichana, ukuta wa chumba cha jirani utalowa. Fundi avae barakoa, kwa sababu vumbi la kukwangua linadhuru mapafu, kisha mianya ifagiliwe mpaka isibaki hata chembe. Asikimbilie asidi. Asidi hula simenti, na gundi inayoshikilia tailizi nyingi ni ya simenti.

Siwalaumu mafundi peke yao. Wengi hulipwa kwa mita ya mraba, na katika hesabu hiyo kukwangua mianya hakuna bei. Anayefanya kazi safi anapitwa kipato na anayeharakisha. Tunawanyima malipo ya uangalifu, halafu tunaudai. Kazi ya kusafisha mianya itajwe kwenye makubaliano tangu mwanzo na ilipiwe.

Nawe mwenye nyumba, mwombe fundi asifungue mfuko wa grauti kabla hujafika. Chukua njiti ya kiberiti, pita chumba kizima ukiitumbukiza mwanyani hapa na pale, hasa kwenye pembe zinapokutana tailizi nne na kando ya kuta. Inapogota juu juu, weka alama kwa chaki. Pasafishwe kwanza, ndipo grauti ichanganywe.