Likizo ya Aprili: Michezo ya nje na kazi za mikono kwa watoto msimu wa mvua

Na Mwandishi Wetu

Shule zimefungwa kwa likizo ya Aprili na mvua ya masika imerudi. Kuanzia Molo na Kuresoi hadi Gilgil na Naivasha, nyasi zimechipua, udongo umelainika na ndege wanajenga viota. Watoto wanataka kuwa nje, na ni vizuri wawe nje. Lakini mzazi anafaa kujua wako wapi na wanachezea nini.

Wakazi wa kaunti hii wanajua sababu. Usiku wa Mei 9, 2018, bwawa la Patel huko Solai lilipasuka na kuua zaidi ya watu 40, wakiwemo watoto. Alfajiri ya Aprili 29, 2024, maji yaliyokuwa yamekusanyika nyuma ya tuta la reli karibu na Mai Mahiu yalifunguka kwa kishindo, yakasomba nyumba na kuua tena zaidi ya watu 40. Hatukumbushi haya ili watoto wafungiwe ndani. Mtoto anayeielewa mvua hujua wakati wa kucheza na wakati wa kukimbilia nyumbani.

Hizi hapa ni kazi nne zisizohitaji pesa.

Kipimo cha mvua

Tafuta chupa ya plastiki ya lita 2 ambayo ubavu wake umenyooka. Mtu mzima aikate pale inapoanza kuwa nyembamba. Weka kokoto chache ndani ili upepo usiiangushe, kisha mimina maji hadi yazifunike. Piga alama ya sifuri kwenye usawa wa maji hayo, na kuanzia hapo chora mistari ya milimita kwa rula. Kile kipande cha juu kigeuze na ukiingize mdomo chini, kama faneli. Weka kipimo mahali pa wazi, mbali na miti na paa.

Kila siku saa tatu asubuhi mtoto asome kipimo, aandike kwenye daftari, kisha arudishe maji hadi kwenye sifuri.

Milimita 1 ya mvua ni lita 1 ya maji kwa kila mita ya mraba. Mvua ya milimita 30 ikinyesha juu ya paa la mita za mraba 40, inaleta lita 1,200, yaani mitungi 60 ya lita 20. Mwulize mtoto: je, mlima mzima ukinyeshewa hivyo, maji yote huenda wapi? Hapo ataelewa kwa nini korongo lililokuwa kavu asubuhi linaweza kujaa ghafla jioni, hata kama kwenu hakujanyesha.

Wanyama wa udongo

Udongo mzuri ni ule unaonata na usio na mchanga mwingi. Uondolewe mawe na mizizi, kisha ukandwe kama unga wa chapati. Watoto wafinyange ng'ombe, twiga, kifaru au heroe wa Ziwa Nakuru. Miguu ya heroe itengenezwe kwa vijiti. Vianikwe kivulini siku kadhaa, kwa maana jua kali hupasua udongo mbichi. Mikono ioshwe kwa sabuni baada ya kazi.

Bao la ardhini

Katika eneo la kihistoria la Hyrax Hill, kando ya barabara kuu ya Nairobi, kuna mabao yaliyochongwa kwenye mwamba na watu walioishi hapa zamani. Mary Leakey alifanya uchimbuzi wa kale hapo mwaka wa 1937. Nyumbani hahitajiki mwamba. Chimba safu 2 za mashimo 6 kwenye ardhi yenye unyevu, weka kete 4 kila shimo, na mtoto ataanza kuhesabu bila kujua kwamba anafanya hisabati. Maharagwe au kokoto zinatosha.

Tahadhari: msitumie mbegu za mbarika, zile zenye madoadoa mazuri yanayovutia macho. Zina sumu kali zikitafunwa. Vilevile watoto wasivunje miti inayotoa utomvu mweupe kama maziwa, kwani ukiingia machoni huumiza vibaya.

Kitalu kwenye pakiti za maziwa

Osha pakiti tupu, toboa matundu chini, jaza udongo uliochanganywa na samadi iliyooza. Panda mbegu ya parachichi au ya tunda lingine lililoliwa nyumbani. Kila mtoto awe na mche wake wa kuutunza.

Mahali pasipo pa kuchezea

Watoto wakae mbali na:

- mashimo ya timbo yaliyojaa maji, hata yanapoonekana ya kina kifupi;
- makorongo, mabwawa na mito. Maji ya kasi yanayofika magotini yanaweza kumwangusha mtu mzima;
- mipasuko ya ardhi inayofunguka baada ya mvua, kwa sababu kingo zake huporomoka;
- ufuo wa Ziwa Naivasha, hasa jioni, viboko wanapotoka majini kula nyasi;
- miti mirefu na uwanja wazi radi inaponguruma. Waingie ndani ya nyumba mara moja.

Ukiona bwawa linavuja, tuta limepasuka au maji yamezuiliwa mahali yanapopaswa kupita, usingoje. Mjulishe chifu au msimamizi wa wadi siku hiyo hiyo. Wakati wa dharura piga 999 au 112, ama Shirika la Msalaba Mwekundu kwa 1199. Mtoto aliye hatarini anaweza kusaidiwa kupitia nambari 116, ambayo hailipishwi.

Wafundishe watoto nambari hizi pia. Waziandike kwenye jalada la lile daftari la mvua.