Springi ya Kuazima: Kuinua Toyota Surf kwa Spea za Gari Jingine

Miongoni mwa magari ya Kijapani yaliyoteremshwa katika bandari za Mombasa na Dar es Salaam hali yamekwisha kutumika kwao, ni nadra kupata lililopendwa na watu wa njia mbovu kama Toyota Hilux Surf ya toleo la tatu, ile iliyoanza kuuzwa mwishoni mwa mwaka 1995 ikakoma kutengenezwa 2002, ambayo Wamarekani huiita 4Runner. Na Land Cruiser Prado ya namba 90, iliyotoka mwaka 1996, ni ndugu yake wa tumbo moja, kwa kuwa springi, shokapu na mikono ya magurudumu yao imebuniwa kwa kaida moja. Magari haya leo yamekula umri. Springi zimechoka, nyuma imelala, na mwenyewe, akiisha kukwama matopeni msimu wa masika, humwendea fundi akamtaka amnyanyulie gari. Naye fundi, akijua kuwa seti mpya ya kuinulia gari iliyotoka Australia itamshinda mteja wake kwa bei, humchukua wakaenda Barabara ya Kirinyaga kule Nairobi, au Gerezani kule Dar es Salaam, wakachambue chungu za spea za mtumba mpaka waipate springi ya gari kubwa zaidi.

Shauri hilo lisibezwe, kwani lina msingi. Nyuma ya Surf kuna ekseli nzima, iliyoshikwa na mikono minne na rodi moja ya mshazari inayoizuia isihame kushoto wala kulia, na juu yake zimekaa springi mbili za koili. Land Cruiser ya namba 80, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1990, ina mpango huohuo, na vikalio vya springi zake vinalingana na vya Surf kiasi kwamba springi ya 80 huingia mahali pa ile ya asili pasipo kukata wala kuchomelea kitu. Wenye 4Runner kule Marekani wamelifanya jambo hili miaka mingi, likathibitika kuwa linawezekana. Kazi yenyewe si nzito: shokapu hufunguliwa chini, ekseli hushushwa taratibu kwa jeki, springi kuukuu ikatoka na mpya ikaingia kwa mkono, na gari likirudishwa chini nyuma yake huonekana imepanda inchi mbili hadi tatu.

Lakini mbona imepanda? Wengi hujibu kuwa springi ya 80 ni ndefu zaidi, na jibu hilo, hata pale lilipo kweli, ni nusu ya jibu. Springi ni mizani: kila uzito unaoipa hubonyea kwa kadiri maalumu, na kadiri hiyo ndiyo tabia yake. Tuchukue mfano wa hesabu tu. Kona moja ya nyuma ya gari ikibeba kilo 360 juu ya springi inayobonyea sentimita moja kwa kila kilo 30, springi hiyo itashuka sentimita 12. Tukiitoa tukatia nyingine yenye urefu uleule mezani, lakini inayohitaji kilo 40 ili ibonyee sentimita moja, hiyo itashuka sentimita 9 tu, na gari litakuwa limeinuka sentimita 3 bila ya springi kuzidi urefu hata kwa unywele. Basi sehemu kubwa ya kimo kile alichokipata mwenye Surf imetokana na ugumu wa springi iliyokusudiwa kubeba gari la zaidi ya tani mbili, nayo sasa imepewa gari lililo jepesi kuliko hilo. Na aliyeazima springi ya namna hiyo ni kama aliyeazima kanzu ya mtu wa miraba minne: ameipata nguo, ila kipimo si chake.

Madhara yake hayaonekani gereji, huonekana barabarani. Gari likiwa tupu, springi ngumu haikubali kubonyea juu ya mawimbi madogo ya barabara ya changarawe, bali huirusha ekseli juu, tairi likaiacha ardhi kwa nukta ya kitambo kidogo, na katika kona nyuma ya gari ikateleza kuelekea nje hali dereva hajakosea lolote. Shokapu ya zamani, ambayo kazi yake ni kuutuliza mrusho wa springi laini, haina nguvu ya kuituliza ngumu; kwa hiyo anayebadilisha springi akaacha shokapu zilezile amefanya nusu ya kazi, tena nusu iliyo nyepesi. Lakini insafu yataka tuseme pia kwamba kwa yule ambaye gari lake daima limejaa, mwenye duka anayebeba magunia ya unga au mwenye kuchukua watalii na mahema yao, ugumu huo ni neema, na pengine hicho ndicho kitu alichokuwa akikihitaji tangu mwanzo, si kimo.

Katika uchaguzi wa springi ya mtumba, macho yatazame unene wa waya kabla ya urefu. Ugumu wa koili huongezeka kwa unene wa waya uliozidishwa kwa nafsi yake mara nne, hata waya uliozidi kwa asilimia 10 tu huifanya springi kuwa ngumu zaidi kwa takriban asilimia 46, mambo mengine yakiwa sawa. Na kadiri mizunguko inavyopungua ndivyo ugumu unavyozidi, ndiyo maana wakatao springi ili kushusha gari hushangaa kuona limekuwa gumu kama mkokoteni. Springi iliyochoka, kinyume cha dhana ya wengi, haikupoteza ugumu wake bali imepoteza urefu, kwa hiyo kuitia kikalio cha raba au cha chuma ili kuirudishia kimo ni jambo halali na rahisi, wala halibadilishi mwendo wa gari. Ajiepushe mtu na springi yenye vidonda vya kutu, hasa ile iliyoishi pwani kwenye hewa ya chumvi, kwani ufa huanzia katika kidonda. Na akimbie kabisa springi iliyowahi kupigwa moto wa gesi ili inyooshwe au ishushwe, maana moto ule umekwisha kuondoa matiko ya chuma, na chuma kisicho na matiko hakiaminiki kubeba roho za watu. Tena achunguze alama za rangi: baadhi ya springi hutengenezwa moja kwa upande wa kushoto na nyingine kwa upande wa kulia, kwa ajili ya tangi, betri na dereva, na anayeokota mbili zisizo jozi atatoka gereji na gari lililoegemea upande.

Mbele ni mlango mwingine kabisa. Hapo hakuna ekseli nzima. Kila gurudumu limeshikwa na mikono miwili, wa juu na wa chini, na springi imeivaa shokapu, zote mbili zikiukanyaga mkono wa chini mahali palipo ndani zaidi kuliko gurudumu lenyewe. Kwa sababu ya nyenzo hiyo, kila kinachoongezwa juu ya springi huzidishwa kwenye gurudumu: kikalio cha inchi moja huinua gari karibu inchi mbili, na asiyelijua hilo hutia kikalio cha inchi mbili akidhani ameinua mbili. Wamarekani wenye 4Runner huazima springi za mbele za Toyota Tundra, pikapu iliyobuniwa kwa injini ya V8. Kwetu Tundra ni adimu, na lililo karibu ni kuchukua springi za Surf au Prado ya dizeli, ambayo injini yake ni nzito, kuzitia kwenye ndugu yake ya petroli. Hiyo kwa rai yangu ndiyo azima iliyo bora kuliko zote, kwa kuwa springi imetoka katika umbo lilelile na tofauti ni uzito tu. Hadhari moja: springi ya mbele haitoki mpaka ibanwe kwa klampu zake, na ikiwa imebanwa ina nguvu ya kumvunja mtu mbavu; kuifungua kwa kamba na waya, kama tuonavyo baadhi ya mafundi wakifanya, ni kucheza na mauti.

Hapohapo mbele ndipo ilipo taksiri kubwa ya magari haya, nayo haina uhusiano na springi. Boljointi ya chini imewekwa kwa namna ambayo uzito wa gari huivuta ili ichomoke, badala ya kuikandamiza ikae. Ikilika, gurudumu huchomoka kwenye mkono wake na kona nzima ya gari ikaanguka chini. Mwaka 2005 kampuni yenyewe iliyaita gereji maelfu mengi ya magari ya jamii hii kule Marekani kwa ajili ya kiungo hicho. Sasa ongeza springi ngumu na matairi mazito juu ya boljointi yenye umri wa miaka ishirini na kitu, uone unaiomba nini. Hali kadhalika shafti za mbele, zikipanda pembe, sivijointi hufanya kazi kwa taabu, mikunjo ya mabuti yake husuguana ikapasuka, grisi ikatoka na mchanga ukaingia. Ndiyo sababu wauzaji hutoa vikalio vya kuishusha difu ya mbele kwa inchi moja hivi, ingawa kwa anayeinua inchi mbili tu mimi sioni haja yake, maana ni kukirudisha chini kitu ulichotaka kiende juu.

Viungo vingine vilivyozoea kimo cha kale navyo hudai haki yao. Rodi ya mshazari ya nyuma, kwa kuwa huzunguka kwa duara, huivuta ekseli upande mmoja bodi ikipanda, na katika inchi mbili kiasi hicho aghalabu ni milimita chache ambazo jicho halizioni. Paipu za raba za breki na shokapu ni lazima zipimwe ekseli ikiwa imening'inia mwisho wake, kwani shokapu fupi itageuka kuwa kamba ya kuizuia ekseli isishuke, na kimo ulichokinunua kikawa kimo cha kusimama tu. Usukani nao, alaimenti isipofanywa upya, huwa mwepesi wa kutangatanga na mzito wa kurudi katikati.

Lililo muhimu kuliko hayo yote, na ambalo sijaona gereji nyingi zikilitaja, ni vali ya mzigo. Chini ya sakafu, karibu na ekseli ya nyuma, magari mengi ya jamii hii yana vali ndogo ya breki iliyounganishwa na ekseli kwa ufito wa chuma. Gari likijaa, bodi hushuka, ufito ukasogezwa, na vali ikaruhusu shinikizo zaidi kwenda kwenye breki za nyuma. Gari likiwa tupu, bodi hupanda, na vali hupunguza shinikizo hilo ili magurudumu ya nyuma yasifunge yakaburura na gari likazunguka. Mwenye kuinua nyuma kwa springi ya 80 amekiinua kipimo hicho pia, na vali, ambayo haina njia ya kujua kwamba bodi imepandishwa kwa mkono wa fundi, huamini kwamba gari ni tupu siku zote, hata likiwa limebeba jamaa nzima na mizigo ya harusi likiteremka mlima, hivyo breki za nyuma zikafanya kazi pungufu na za mbele zikabeba mzigo usio wao. Dawa yake ni rahisi na gharama yake ndogo: kipande cha chuma kinachoushika ufito pale kwenye ekseli kiinuliwe kwa kadiri ileile iliyoinuliwa bodi, kisha breki zijaribiwe mahali pasipo watu, gari likiwa tupu na likiwa na mzigo.

Na baada ya tabu yote hiyo, mtu ajue alichokipata. Springi huinua bodi. Hazikuinua difu ya nyuma, ambayo imo katika ekseli, na ekseli imesimama juu ya matairi. Jiwe lililokuwa likigonga difu jana litaigonga leo vilevile, na kinachoiinua difu ni tairi kubwa peke yake, ambalo nusu ya nyongeza ya kipenyo chake ndiyo huenda chini ya gari. Faida ya springi ni kwamba tairi hilo lipate nafasi ya kukaa, na kwamba bampa na ngazi za mlangoni visiguse ukingo wa korongo. Gharama yake ni uthabiti: tukikadiria kuwa nafasi baina ya magurudumu ni sentimita 150 na kitovu cha uzito kimepanda kutoka sentimita 70 hadi 75, uwezo wa gari kuhimili kona pasipo kupinduka umepungua kwa karibu asilimia 7, nalo tangu asili si gari la kukimbilia kona.

Kwa hiyo shauri langu kwa mwenye Surf ni kwamba aanze kwa boljointi mpya za chini, halafu shokapu zenye urefu unaofaa, na springi ziwe za mwisho kununuliwa, wala asipite inchi mbili. Siku ya kufunga, bolti za bushi zote zilizolegezwa zikazwe mwisho gari likiwa limesimama juu ya magurudumu yake, si likiwa limening'inia kwenye jeki, la sivyo raba za bushi zitakaa zimejipinda na kupasuka kabla ya wakati. Mwenye bima kubwa aiarifu kampuni yake kwa maandishi kwamba gari limeinuliwa. Na likiisha kutembea kilomita mia tano hivi, lirudi kwa fundi: bolti zikazwe tena, alaimenti ipimwe upya, na ufito wa ile vali ya breki utazamwe kama bado uko mahali pake.