Donge Lisilouma

Siku za soko pale Mpondwe, Uganda, mpakani na Kongo, akina mama huteremka kutoka milima ya Rwenzori na mizigo mgongoni, kamba imepita kwenye paji la uso. Hao ni watu wanaoyajua maumivu vizuri: ya kiuno, ya magoti, ya shingo. Kisichouma hakipelekwi hospitali, maana safari ya hospitali inakula nauli ya bodaboda na siku nzima ya shamba. Kansa ya titi huwakuta hapo hapo, kwa sababu donge lake linapoanza, mara nyingi haliumi hata kidogo.

Je, wajua donge hilo lina umri gani siku kidole kinapoligusa kwa mara ya kwanza? Ndani ya titi mna tezi ndogo ndogo za kutengeneza maziwa na mirija ya kuyafikisha kwenye chuchu. Kansa nyingi huanzia kwenye ukuta wa mrija mmoja, pale jeni za seli moja zinapoharibika na seli ikaendelea kugawanyika bila kusimama. Moja huzaa mbili, mbili huzaa nne, nne huzaa nane. Idadi ikijiongeza maradufu kama mara 30, seli zimefika bilioni moja, na seli bilioni moja ni donge la sentimita moja tu, sawa na punje ya kahawa inayoanikwa juani kule Kasese. Kila maradufu huweza kuchukua miezi kadhaa, kwa hiyo punje hiyo aghalabu imeishi humo miaka bila kubisha hodi. Mwenye kuikuta leo asijilaumu. Na asikate tamaa pia: donge likiwa bado dogo kiasi hicho, na halijahamia kwapani wala kwingine mwilini, wengi sana wanaotibiwa ipasavyo hupona.

Madonge mengi ya titi si kansa, lakini kidole hakiwezi kutoa hukumu. La kansa mara nyingi huwa gumu na halitelezi chini ya ngozi, na aghalabu hukaa upande wa juu kuelekea kwapa, kwa sababu nyama ya tezi ni nyingi zaidi huko. Dalili nyingine ni chuchu iliyoingia ndani ilhali zamani haikuwa hivyo, damu inayotoka kwenye chuchu, au ngozi iliyojaa vishimo kama ganda la chungwa. Vishimo hivyo vina maana yake: seli za kansa zimeziba mishipa ya limfu, maji yamekosa njia, ngozi imevimba isipokuwa pale inapovutwa na nyuzi za ndani. Ugonjwa ukifika hapo umeshatembea.

Sokoni utasikia mengi. Kwamba kansa huletwa na noti zinazofichwa kwenye sidiria, au na pigo la kifuani, au na jirani mwenye kijicho. Noti hazina kosa. Pigo nalo halizai kansa. Mtu akiumia hujishika pale panapouma, na vidole vikakuta kilichokuwepo tangu zamani. Wapo pia wanaoamini kwamba mama aliyenyonyesha yuko salama kabisa. Hilo lina ukweli nusu. Uchambuzi mkubwa uliotolewa mwaka 2002, ukiwa na wanawake wapatao 50,000 wenye kansa kutoka nchi 30, ulionyesha kuwa kila miezi 12 ya kunyonyesha hupunguza hatari kwa takriban asilimia 4. Kupunguza si kuondoa. Hata wanaume hupata ugonjwa huu, ingawa ni wachache mno.

Kitu ambacho kansa nyingi za titi hukitegemea ni homoni ya kike, estrojeni. Mwaka 1896 daktari mpasuaji wa Glasgow, George Beatson, alieleza jinsi uvimbe wa titi ulivyosinyaa baada ya kuondoa ovari za mgonjwa, wakati ambapo homoni zenyewe hazijapewa hata jina. Leo kazi hiyo inaweza kufanywa na kidonge cha tamoksifeni, kimoja kila siku kwa miaka mitano au zaidi, nacho si dawa ya bei ya kutisha. Lakini hakifai kitu kama seli za donge hazina vipokezi vya estrojeni, na hilo haliwezi kujulikana mpaka kinyama kikatwe na kipimwe maabara.

Kwa mama wa Bwera, jirani na Mpondwe, njia ya majibu hayo ni ndefu. Taasisi ya Saratani ya Uganda, iliyoanzishwa mwaka 1967, iko Mulago, Kampala, zaidi ya kilomita 300 kutoka kwake. Mwaka 2016 mashine pekee nchini ya kutibu kansa kwa mionzi iliharibika kabisa, na wagonjwa walisubiri zaidi ya mwaka kabla ya mpya kuanza kazi. Shirika la Afya Duniani sasa linataka majibu kamili yapatikane ndani ya siku 60 tangu mgonjwa afike kituoni. Nauli na foleni huzimaliza siku hizo upesi.

Hata hivyo, Bwera imewahi kuonyesha mwendo mwingine. Juni 2019 mtoto wa miaka mitano aliyevuka kutoka Kongo na familia yake alipelekwa Hospitali ya Kagando. Wauguzi na madaktari wakashuku Ebola, mtoto akahamishiwa Bwera, sampuli yake ikafika Taasisi ya Utafiti wa Virusi kule Entebbe. Aliingia nchini tarehe 9. Tarehe 11 jibu lilikuwa limetangazwa. Sampuli ile ilihitaji mavazi ya kinga na hofu ya nchi nzima nyuma yake.

Kinyama cha titi kinahitaji chupa ya fomalini yenye kifuniko kizuri na mtu wa kukifikisha. Ili vipokezi visomeke vizuri, wataalamu wanashauri kisikae humo zaidi ya saa 72. Ni siku tatu, na barabara ni ile ile.